Tipa likirudi nyuma: kamera za akili mnemba zinaweza nini, na haziwezi nini?

*"Mimi ni msimamizi wa usalama kwenye saiti ya barabara. Tuna vijiko vitatu vya kuchimbia, greda, rola na matipa kama kumi yanayoingia na kutoka kutwa nzima. Mwezi uliopita tipa lilikuwa linarudi nyuma likamkosa kibarua chupuchupu. Kilichomwokoa ni kelele za mwenzake. Sasa mkurugenzi anataka tufunge kamera za akili mnemba kwenye mitambo yote. Muuzaji anasema zikishafungwa ajali zitakwisha, na tunaweza hata kupunguza waongoza magari. Vijana hawazitaki. Wanasema ni za kuwachunga, na dereva mmoja ameshaifunika ile ya majaribio kwa kitambaa. Je, zinafanya kazi kweli? Kama ndiyo, tununue za aina gani na tuanzie wapi?"*

Ndugu msimamizi, pole kwa mshtuko huo, na heri yule kibarua alirudi nyumbani kwa miguu yake. Ndani ya swali lako nimeona wasiwasi wa aina tatu: kama vifaa hivi vinaona kweli, kama vinaweza kushika nafasi ya mtu, na utaishi vipi na vijana wasiovitaka. Nitafika kote huko. Ila mkurugenzi asisubiri hadi mwisho wa barua, kwa hiyo jibu fupi ni hili: zinafanya kazi, nunueni, lakini si kwa mitambo yote na si kwa sababu aliyoitoa muuzaji. Mimi naona faida kubwa ya kamera hizi si mlio unaomshtua dereva. Ni kwamba zinaweza kuweka kumbukumbu ya matukio ya chupuchupu, matukio ambayo leo kwenye saiti nyingi hakuna anayeyaandika.

Kwanza tufungue hicho kiboksi. Kamera haimjui mtu kama wewe unavyomjua. Programu iliyomo imelishwa picha nyingi mno ambazo watu wamezungushiwa alama, ikajifunza mpangilio wa mistari, rangi na vivuli unaoambatana na mwili wa binadamu. Ikiwa kazini, kila picha inayopita inaikadiria: hapa uwezekano wa kuwepo mtu ni 0.9, pale ni 0.3. Mtengenezaji amepanga kiwango, na kadirio likikivuka kengele inalia. Ukishusha kiwango, kifaa kitawapata watu wengi zaidi, lakini kitaanza pia kuona watu kwenye mapipa, koni na vivuli. Ukikipandisha, kelele zitapungua na baadhi ya watu wa kweli watapita bila kuonekana. Hakuna namna ya kuukwepa mvutano huo. Muuzaji anayekuambia kifaa chake hakikosei upande wowote ama hakifahamu, ama anakuficha jambo.

Piga hesabu ndogo uone ukubwa wake. Tuseme kamera inakagua picha 10 kila sekunde. Hizo ni picha 36,000 kwa saa. Ikikosea picha moja tu katika kila 1,000, hayo ni makosa 36 kwa saa, na hakuna dereva atakayeheshimu kengele ya namna hiyo hadi jioni. Mlinzi anayeamsha nyumba nzima kila paka akipita hatasikilizwa siku mwizi atakapokuja. Kwa sababu hiyo programu nyingi husubiri zimwone mtu katika picha kadhaa mfululizo kabla ya kupiga kelele. Makosa yanapungua kweli, lakini picha tano za kusubiri ni nusu sekunde iliyokwenda. Iweke akilini hiyo nusu sekunde, tutaihitaji.

Jambo la pili ni picha ilizofundishiwa. Ikiwa nyingi zilikuwa za watu waliosimama wima mchana kweupe wakiwa wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga, basi kifaa kitamwona vizuri mtu wa namna hiyo. Lakini saiti yako ina fundi aliyechuchumaa akifunga nondo, kibarua aliyebeba mfuko wa saruji hadi kichwa hakionekani, mpima ardhi aliyeinama nyuma ya kifusi, na kijana aliyegeuka rangi ya vumbi lenyewe. Hao ndio hupotea, na hao hao ndio hugongwa, kwa sababu wameinamia kazi na hawatazami mtambo.

Umbali nao una mtego wake. Kifaa chenye kamera moja mara nyingi hukadiria umbali kwa kuangalia miguu ya mtu inagusa ardhi sehemu gani ya picha, kikichukulia kwamba ardhi ni tambarare. Miguu ikifichwa na rundo la kokoto, kifaa kinahesabu kuanzia magotini au kiunoni, na mtu aliye karibu anaonekana kama yuko mbali. Saiti ya barabara mpya ina ardhi ya kila namna isipokuwa tambarare.

Sasa turudi kwenye muda, na hapa nakuomba usome polepole, maana uamuzi wako wote unaegemea hapa. Tipa linalorudi nyuma kwa kilomita 10 kwa saa linakwenda mita 2.8 kila sekunde. Kifaa kimechukua nusu sekunde kujiridhisha. Dereva anahitaji kama sekunde moja na nusu kusikia, kuelewa na kukanyaga breki. Jumla ni sekunde mbili, na tipa limeshasogea mita 5.6 kabla breki haijaanza kushika. Ongeza mita moja hivi ya kusimama ikiwa ardhi ni kavu na breki ni nzima. Kwenye tope ongeza zaidi. Maana yake, kengele iliyopangwa ilie mtu akiwa mita tatu nyuma ya tipa hilo haizuii ajali. Inaitangaza tu. Lakini punguza mwendo wa kurudi nyuma uwe kilomita 5 kwa saa, na safari hiyo yote inashuka hadi mita tatu hivi. Kanuni ya mwendo, ambayo hainunuliwi dukani, ndiyo imeipa kamera nafasi ya kufaa.

Kwa kijiko mambo ni magumu zaidi. Kijiko cha tani 20 kinaweza kujizungusha kama mara 11 kwa dakika. Robo mzunguko, yaani kutoka kuangalia mbele hadi kuangalia ubavuni, ni sekunde 1.4 hivi. Muda huo unakaribia kuwa sawa na muda wa dereva kushtuka peke yake. Aliyesimama pale ambapo uzito wa nyuma wa kijiko unapita hawezi kuokolewa na kengele yoyote inayomtegemea dereva. Eneo hilo linahitaji uzio, vizuizi vinavyohamishika, na amri kwamba hakuna anayeingia mpaka opereta ameshusha ndoo chini na kuondoa mikono kwenye leva za kuendeshea. Kwa hiyo ungenipa fungu dogo la fedha, nisingeanza na vijiko. Ningeanza na matipa, kwa sababu yanarudi nyuma mara nyingi, kwa mwendo unaodhibitika, na kamera inapata nafasi ya kusaidia kweli.

Kuna mambo mengine ya muuzaji ninayotaka kuyanyoosha. Nina hakika alikuonyesha skrini inayoweka kijani kwa aliyevaa helmeti na nyekundu kwa asiyevaa. Wote huonyesha hivyo, kwa sababu helmeti ni rahisi kutambua na inapendeza machoni. Helmeti ina kazi yake: kinachodondoka, kichwa kinachogonga chuma. Chini ya gurudumu la tipa haina la kufanya. Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi: kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa ibadilishe kwa iliyo nafuu, kisha itenge kwa vizuizi na ufundi, kisha weka taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa ndiyo vifaa vya kuvaa. Kengele ya akili mnemba, kwa kuwa inamtegemea mtu aisikie na atende, iko karibu na taratibu kuliko vizuizi. Usiilipie bei ya uzio.

Kuhusu waongoza magari, jibu langu ni hapana, usiwapunguze kwa sababu ya kamera. Mwongoza magari anaona nia. Anamwona kijana anayetazama simu huku akielekea njia ya matipa, na anamsimamisha dereva kabla kijana hajaingia eneo la hatari. Kamera inasubiri mpaka aingie. Isitoshe ana mamlaka ya kusema simama, na dereva akimpoteza kwenye kioo anatakiwa asimame papo hapo. Hata hivyo sitaki kumpamba: mwongoza magari anayetembea kwa miguu nyuma ya tipa naye yuko hatarini. Ndiye wa kwanza anayestahili kulindwa na kamera hiyo. Ukitaka kuwahitaji waongoza magari wachache zaidi, njia ya haki ni kupunguza kurudi nyuma kwenyewe. Tengeneza njia ya kuzunguka, tipa liingie upande huu, limwage, litokee upande mwingine.

Halafu kuna kusimamisha mtambo moja kwa moja, bila dereva. Vifaa vinavyofanya hivyo vipo, na muuzaji akikutajia vitakuvutia. Fikiri tipa lililojaa likifunga breki ghafla kwenye mteremko wa tope kwa sababu ya koni, au kijiko kikigoma katikati ya mzunguko huku bomba la kalavati likining'inia. Kosa dogo la programu linageuka kuwa ajali ya aina nyingine. Usikubali fundi yeyote aunganishe kifaa na breki au haidroliki bila kibali cha maandishi cha mtengenezaji wa mtambo wenyewe.

Tuje kwenye aina. Kamera ya kawaida yenye skrini, isiyo na akili yoyote, bado ni kitu kizuri: humwonyesha dereva nyuma, ila inamtaka aiangalie, na anapogeuza usukani macho yake yako kwenye vioo viwili na mbele pia. Rada inapenya vumbi na giza vizuri kuliko kamera, lakini haichagui. Ukuta, kifusi na mtu vyote ni kitu kilicho mbele yake, kwa hiyo kwenye saiti iliyosongamana italia mpaka izimwe. Vitambulisho vya redio vinavyovaliwa na wafanyakazi vinaweza kugundua mtu hata aliye nyuma ya kontena, jambo ambalo kamera haiwezi, lakini asiyevaa hayupo kabisa kwa mtambo. Kwako, ambako nadhani vibarua hubadilika kila wiki na wageni hupita, hilo linanitisha. Vinafaa zaidi mahali palipofungwa ambako kila anayeingia hupita mlango mmoja. Kamera ya akili mnemba iko katikati: inachagua mtu na kitu, lakini inashindwa na lenzi yenye tope, jua la machweo linalopiga usoni, mvua kubwa na usiku usio na taa. Mchanganyiko wa kamera na rada ndio ninaoupendelea kwa matipa, bei ikiruhusu. Chochote mtakachochukua, hakikisha hesabu inafanyika ndani ya mtambo wenyewe. Kifaa kinachotuma picha kwenye mtandao kisubiri jibu kitachelewa, na siku mtandao ukikatika hakitajibu kabisa.

Usinione nachukia kengele. Hata mamlaka zimeanza kuzidai, lakini kwa masharti. Jijini London malori ya zaidi ya tani 12 hupewa nyota kulingana na kiasi dereva anachoona moja kwa moja kutoka kitini, na tangu Oktoba 2024 yasiyofikia nyota 3 hulazimika kufungwa vifaa vya ziada. Miongoni mwake ni vitambuzi vya ubavuni, na sharti mojawapo ni kwamba visilie kwa sababu ya nguzo na vyuma vya kando ya barabara. Walielewa kwamba kengele inayolia ovyo ni hatari.

Kabla hujasaini chochote, fanya zoezi ambalo halina gharama zaidi ya chokaa. Egesha tipa mahali tambarare, zima injini, ondoa ufunguo, mkalishe dereva kitini. Wewe zunguka na koni, na kila inapopotea machoni pake na kwenye vioo vyake, weka alama ya chokaa. Rudia kwa kijiko na greda. Wapo wanaofanya hivi kitaalamu: kiwango cha ISO 5006, cha shirika la kimataifa la viwango, kinachohusu mitambo ya kuchimba, hupima anachoona opereta kwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 12. Wewe huhitaji usahihi huo. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini hapa mwenye macho haoni, na hilo si kosa lake. Waite vibarua wote waje wasimame ndani ya chokaa, kisha wamuulize dereva anawaona wangapi. Mazungumzo yatakayofuata yatakusaidia kuliko mabango kumi ya usalama, na yatakuonyesha pia kamera ziwekwe wapi.

Kisha omba majaribio ya wiki mbili hivi kwenye matipa mawili, na usiyaache mikononi mwa muuzaji. Tumia sanamu lililovalishwa nguo za vijana wako, kamwe usitumie mtu aliye hai. Lisimamishe, lichuchumalishe, lifiche nusu nyuma ya kifusi, libebeshe bati, lijaribu jua likizama na lenzi ikiwa na vumbi la nusu siku. Andika limekoswa mara ngapi na kengele imelia bure mara ngapi kwa saa. Funika lenzi kwa makusudi uone kifaa kinasema nini. Kizuri kitamwambia dereva kwamba hakioni. Kibaya kitakaa kimya, na dereva ataelewa ukimya huo kuwa ni usalama. Muulize pia muuzaji kama kifaa kimepimwa kwa ISO 16001, kinachohusu vitambuzi vya mitambo hii, au ISO 21815, kinachohusu tahadhari ya kugongana. Akibabaika, umepata jibu. Na amua mapema nani atafuta lenzi kila asubuhi. Lisipokuwa jukumu la mtu, litakuwa la hakuna mtu.

Sasa ile faida niliyoiita kubwa. Kwa kifaa kinachorekodi, kila kengele ya kweli huacha kipande kifupi cha video chenye saa na mahali. Vikusanye kwa mwezi, uweke nukta kwenye ramani ya saiti. Mara nyingi nukta hazitawanyiki. Zinarundikana sehemu mbili tatu. Pengine tangi la maji ya kunywa liko ng'ambo ya njia ya matipa, na kila mwenye kiu analivuka. Pengine zinajaa dakika za mwisho kabla ya mapumziko, watu wakikata njia. Hapo dawa ni kuhamisha tangi, au kusimamisha matipa robo saa. Hatari imeondoka, na haitegemei tena masikio ya dereva. Kamera ambayo milio yake inapungua mwezi hadi mwezi kwa sababu umeipanga upya saiti ndiyo iliyorudisha fedha zake. Ila angalia milio hiyo isipungue kwa sababu mtu ameshusha sauti au ameziba lenzi.

Hapo ndipo tunapofika kwa dereva mwenye kitambaa. Usimwadhibu. Amekuambia waziwazi jambo ambalo wengine wangelifanya kimyakimya. Hofu yake ina msingi, maana video ile ile inayookoa kibarua inaweza kutumika kuhesabu dakika za chai au kumfukuza mtu. Keti na vijana, kubalianeni kwa maandishi: nani anaona video, zinafutwa baada ya muda gani, kwamba hazitambui sura za watu, na kwamba tukio la chupuchupu halitakuwa hati ya mashtaka. Nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, kwa hiyo mkurugenzi aelewe kwamba hilo huenda ni sharti la kisheria pia. Mwonyeshe dereva kwamba video inaweza kumtetea siku akisingiziwa. Na ahadi hiyo muitunze, kwa sababu mtu wa kwanza kufukuzwa kwa kipande cha video atakuwa amezima kamera zote kumi.

Muuzaji huenda akakuongezea kamera ya ndani inayotazama uso wa dereva kugundua usingizi. Hupima hasa ni sehemu gani ya dakika kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi. Inasaidia kwa safari ndefu, lakini inagundua usingizi uliokwisha kufika. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa utendaji kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Angalia kwanza ratiba zako za zamu. Na dereva anayesinzia mchana ingawa amelala vya kutosha, hasa kama anakoroma sana, anahitaji daktari.

Mwisho, mambo ambayo barua hii haiwezi kuyafanya. Mpate mtaalamu wa usalama kazini aje atembee saitini kabla hujachora upya njia za magari, na usikose kumwita ikiwa barabara ya umma inapita katikati ya kazi au kuna nyaya za umeme juu ya vijiko. Tukio la mwezi uliopita liandikwe rasmi sasa, na uulize mamlaka ya usalama kazini kama sheria yenu inataka liripotiwe. Na lile tipa lenyewe: kama bado halijakaguliwa, lisitoke kesho asubuhi mpaka fundi ameangalia breki, vioo, taa na king'ora cha rivasi.